Isimu Itumike kwa Nani?

Ziko elimu ambazo zikitajwa jina tu, kila mtu huzielewa. Mwambie jirani kwamba unasomea udaktari, naye atakuletea mtoto mwenye homa kabla hujamaliza mwaka wa kwanza. Mwambie unasomea sheria, ataingia uvunguni atoe hati ya shamba analogombania na shemeji yake. Lakini mwambie kwamba unasomea isimu tumizi, atanyamaza kidogo, kisha atabadili mazungumzo. Sisi tulioisomea elimu hiyo katika shahada ya uzamili tumeuzoea ukimya huo. Nami siwalaumu majirani, maana hata wataalamu wenyewe wamebishana kwa miaka mingi juu ya mipaka yake.

Isimu ni elimu ya kuichunguza lugha jinsi ilivyo: sauti zake, maneno yake, mpango wa sentensi zake na maana zake. Isimu tumizi huichukua elimu hiyo na kuipeleka mahali penye shida: darasani kwa mwalimu na mwanafunzi, mahakamani kwa mkalimani, hospitalini ambako daktari na mgonjwa hawaelewani, mezani kwa mtunga kamusi. Kwa jina hilo ni elimu changa. Mwaka 1948 lilianzishwa Michigan, Marekani, jarida la Language Learning, lililojitangaza kuwa la isimu tumizi. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kikafungua skuli ya isimu tumizi, na mwaka 1964 wataalamu wa nchi mbalimbali wakaunda chama chao cha kimataifa kule Nancy, Ufaransa.

Itazame miaka hiyo, ndugu msomaji. Ndiyo miaka ambayo makoloni yalikuwa yakijitawala. Ghana mwaka 1957, Tanganyika mwaka 1961. Bendera zilikuwa zikishushwa, lakini walimu wa Kiingereza walikuwa wakihitajika zaidi kuliko awali, na kwa sehemu kubwa elimu hii ilikulia katika kazi ya kuwaandaa walimu hao. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililonisumbua tangu siku nilipoanza masomo yangu: chombo hiki kilichongwa kwa mkono wa nani, na kilikusudiwa kukata nini?

Mimi niliifikia isimu tumizi kwa njia ya ubao na chaki. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari mkoani Dodoma kwa miaka tisa. Wanafunzi wangu wengi walianza na Kigogo au Kirangi nyumbani, wakasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakaingia kidato cha kwanza na kukuta historia, jiografia, biolojia na hesabu zote zimevaa Kiingereza, lugha ambayo hadi jana yake ilikuwa somo moja tu kati ya mengi. Mwaka 1996 nilipata ufadhili wa kwenda Uingereza kwa mwaka mmoja. Wenzangu walifungasha makoti. Mimi, pamoja na koti la kuazima, nilibeba insha za wanafunzi 60 na kaseti 11 za vipindi nilivyorekodi kwa ruhusa ya mkuu wa shule na ya walimu waliohusika. Mzigo huo ndio ulionisomesha, na vitabu vikausaidia.

Sitakuchosha kwa habari za baridi. Kila aliyewahi kwenda huko ameisimulia. Masomo yenyewe yalikwenda mbio: fonolojia, sarufi, upimaji wa lugha, utungaji wa silabasi, isimujamii, na namna mtu anavyojifunza lugha ya pili, baada ya hapo mitihani, halafu miezi michache ya kuandika tasnifu. Wanadarasa wengi tulikuwa walimu, kutoka Japani, Ugiriki, Uturuki, Brazili na kwingineko, kila mmoja na wanafunzi wake kichwani.

Katika wiki za mwanzo tulisomeshwa makala ya Pit Corder ya mwaka 1967 juu ya makosa ya wanaojifunza lugha. Corder alitenganisha mambo mawili. Kuna kosa la bahati mbaya, analofanya mtu kwa uchovu au haraka, na mwenyewe akilisikia hulisahihisha. Na kuna kosa lenye utaratibu, linalorudi kila mara kwa namna ileile, kwa sababu linatokana na kanuni ambayo mwanafunzi amejijengea akilini. Hili la pili, alisema, ni ushahidi. Linamwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi, na linamwonyesha mtafiti akili inavyoitengeneza lugha. Sisi Waswahili tulikwisha kusema kwamba kuteleza si kuanguka, lakini hatukuwahi kuiingiza methali hiyo katika daftari la kusahihishia. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, Larry Selinker alikwenda mbele zaidi akasema kwamba lugha anayoisema mwanafunzi akiwa njiani ni lugha kamili yenye sarufi yake, haidhuru si lugha aliyoondoka nayo wala si ile anayoiendea.

Jioni ile nilizitoa zile insha nikazisoma upya. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika habari za mama yake kwa ukurasa mzima, na katika kila sentensi mama huyo alitajwa kwa 'he', kama mwanamume. Mwalimu yeyote angezungushia duara jekundu. Lakini hebu fikiri: Kiswahili husema 'anapika' kwa mama na kwa baba, Kigogo nacho hakimuulizi mtu jinsia yake katika kitenzi. Mtoto huyo hakuwa na fujo kichwani. Alikuwa na kanuni moja safi, kwamba mtu ni mtu, akaipeleka ugenini. Nilipoyaeleza haya darasani, mwenzangu kutoka Uturuki alicheka akapiga meza. Kituruki nacho hakitenganishi, na wanafunzi wake walikuwa na kosa hilohilo. Mturuki na Mgogo, ambao hawajaonana tangu dunia iumbwe, wamekosea mamoja kwa sababu moja!

Mwingine aliandika kwamba alipofika shuleni alikuwa 'akisikia' njaa, kwa kitenzi cha Kiingereza ambacho kazi yake ni ya sikio tu. Kwetu mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu. Kadhalika karibu insha zote 60 zilikuwa na matatizo ya vile vijineno vidogo vya Kiingereza vinavyotangulia nomino kuonyesha kama kitu kinajulikana au hakijulikani. Husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu hicho, na mwalimu huambiwa awakaririshe wanafunzi mpaka waelewe. Lakini Kiswahili kina njia yake. Mtu akisema 'nimesoma kitabu', huenda ni kitabu chochote. Akisema 'nimekisoma kitabu', tunajua kuna kitabu tulichokwisha kukizungumzia. Ile 'ki' ya katikati inafanya sehemu ya kazi inayofanywa na kile kijineno cha Kiingereza. Maana yake ni kwamba mtoto wa kidato cha kwanza analo tayari wazo lenyewe; anachokikosa ni umbo tu. Niliporudi nilianza kufundisha hivyo, kutoka kwenye 'ki' kwenda kwenye Kiingereza, na vipindi viwili vilitosha kwa jambo ambalo zamani lilichukua muhula.

Somo jingine lililonitia mawazo ni la upimaji. Wataalamu husema kwamba mtihani mzuri una sifa mbili. Ya kwanza ni uthabiti, yaani ukipima leo na kesho, matokeo yawe mamoja. Ya pili ni uhalali, yaani mtihani upime kile unachodai kupima. Wenzangu wengine walihangaika kuzitofautisha sifa hizo. Mimi nilikuwa nimezijua sokoni. Muuza mchele mwenye kopo lililobonyezwa chini anapima kwa uthabiti usio na shaka. Asubuhi na jioni, kwa tajiri na kwa maskini, kopo lake hutoa kiasi kilekile. Ila si kibaba. Sasa chukua mtihani wa historia ulioandikwa kwa Kiingereza, umpe mtoto anayeijua vita ya Maji Maji tangu ilipoanza mwaka 1905 na anayeweza kuisimulia kwa Kiswahili hadi mwisho, lakini hawezi kuunga sentensi tatu za Kiingereza. Akipata alama sita, alama hizo ni za nini? Za historia, au za Kiingereza? Nililiuliza swali hilo darasani, na mhadhiri wetu akasema kwamba kwa kanuni za upimaji jibu liko wazi, na kwamba si yeye anayeweza kulitekeleza.

Baada ya mitihani nikafika kwenye kaseti. Tasnifu yangu ilikusudiwa kuwa juu ya maswali ya walimu darasani, jambo la kawaida kabisa. Nilikaa maktabani na vipokea sauti masikioni, nikiandika neno kwa neno. Kaseti moja ilikuwa ya kipindi cha biolojia, kidato cha pili. Mwalimu anaeleza kwa Kiingereza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Anauliza swali, kimya. Analirudia, kimya, isipokuwa kuku wa jirani nje ya dirisha. Anaanza sentensi na kuiacha ikining'inia, na darasa zima linaimba neno la mwisho. Anasema vizuri, anaendelea. Halafu, labda kwa kuchoka, anashuka kwenye Kiswahili: 'Jamani, majani yaliyofunikwa na gunia siku nyingi, kwa nini yanakuwa ya njano?' Hapo mkanda unalipuka. Madawati yanagonga, watu wanasema 'mwalimu, mwalimu', na msichana mmoja anaeleza kwamba jani likikosa jua halipiki chakula, na ule ukijani ndio jiko lenyewe, jiko lisilotumika huharibika. Mwalimu anamsifu. Kisha anarudi kwenye Kiingereza, anauliza jambo hilohilo, na ule ukimya unarudi.

Nilizisikiliza kaseti zote 11 na karibu zote zilikuwa na mlipuko wa namna hiyo mahali fulani. Hapo nikatambua kwamba swali la Corder linaweza kupandishwa juu. Kama kosa la mtoto mmoja ni ushahidi wa kanuni iliyo kichwani mwake, ukimya wa darasa zima ni ushahidi wa kanuni gani, iliyo kichwani mwa nani?

Maktaba haikunyima majibu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 ilikwisha kusema kwamba lugha bora ya kumwanzishia mtoto elimu ni lugha ya mama yake. Kweli Kiswahili si lugha ya mama kwa kila mtoto wetu, lakini kwa mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania ni lugha aliyofikiria nayo kwa miaka saba ya shule. Nilisoma habari za Ife, Nigeria, ambako tangu mwaka 1970 mradi wa Profesa Babs Fafunwa ulifundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Watoto hao hawakuachwa nyuma katika Kiingereza na wenzao waliobadilishiwa lugha baada ya miaka mitatu. Na katika masomo mengine walifanya vizuri zaidi.

Nilisoma pia habari za St. Lambert, Kanada, ambazo hutumiwa mara nyingi kutetea upande wa pili. Huko, kuanzia mwaka 1965, watoto wa Kiingereza walitumbukizwa katika Kifaransa tangu siku ya kwanza, na wakafaulu. Lakini angalia hali yao: lugha yao ya nyumbani ilikuwa na heshima na nguvu nje ya shule, walimu walielewa lugha zote mbili, vitabu vilikuwapo, na wazazi walichagua wenyewe. Mtu hawezi kumtumbukiza mtoto katika bwawa lisilo na maji akasema anamfundisha kuogelea.

Na nyumbani? Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza nchini wakaona kiwango cha wanafunzi kiko chini mno kiasi kwamba hakifai kufundishia. Lakini dawa waliyoshauri ilikuwa kuendelea na Kiingereza na kukitia nguvu.

Hapo palikuwa na jambo zito kwangu. Aliyenilipia nauli na ada alinipeleka nikaongeze ujuzi wa kukuza Kiingereza. Nilikuwa na mke na watoto watatu, na kazi iliyonisubiri ilitegemea barua ya kuridhika kwao. Nilimweleza msimamizi wangu wasiwasi huo. Mzee yule, mtu wa maneno machache, aliuliza tu, 'Data zako zinasema nini?' Nikamwambia. Akasema, 'Basi andika hivyo.' Niliandika hivyo. Niliporudi mwishoni mwa mwaka 1997, bwana mmoja katika ofisi moja aliipindua tasnifu yangu mkononi, akasema, 'Tulikutuma Kiingereza, umetuletea Kiswahili.' Alisema huku akicheka, lakini ile nafasi niliyokuwa nikiitarajia akapewa mwingine.

Hilo sikulionea uchungu mwingi. Lililoniuma lilitoka kwa dada yangu mkubwa. Alikuwa akiuza samaki Feri, Dar es Salaam, mjane, na katika kipato chake hicho alikuwa akimlipia bintiye ada ya shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza. Shule za namna hiyo zilikuwa zikichipuka kila mtaa miaka ile. Nilipokwenda kumsalimu nilimweleza niliyojifunza. Alinisikiliza huku akiparua samaki, akamaliza, akanawa mikono.

'Mdogo wangu,' alisema, 'wewe ulipanda ndege kwa lugha gani?'

'Kwa Kiingereza, dada.'

'Na hiyo shahada umeiandika kwa lugha gani?'

'Kiingereza.'

'Basi niachie na mwanangu apande.'

Nilimjibu kwamba kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kujifunza kila kitu kwa Kiingereza ni jambo jingine. Kwamba mtoto akiielewa biolojia kwa lugha anayoijua, na akafundishwa Kiingereza na mwalimu anayekijua, atavipata vyote viwili. Dada alisema, 'Huyo mwalimu anayekijua yuko wapi? Huku mtaani namwona kwenye shule ya kulipia.' Sikuwa na la kuongeza. Mpwa wangu amesoma, amefanikiwa, na dada yangu hakukosea hesabu zake. Mzazi mmoja akiwa peke yake hawezi kuibadili bei ya soko. Anachoweza ni kununua au kukosa.

Lakini yule msichana wa kaseti naye ninamkumbuka. Matokeo ya kidato cha nne yalipobandikwa mwanzoni mwa mwaka 1999, jina lake lilikuwa miongoni mwa waliopata sifuri, biolojia ikiwamo. Yeye, aliyejua kwamba ukijani wa jani ni jiko. Mpwa wangu na msichana huyo hawakutofautiana akili. Walitofautiana mama mwenye uwezo wa kulipa. Isimu isiyoweza kuliona hilo, hata ikiwa na majedwali mazuri kiasi gani, kwangu haijatumika bado.

Miaka imekwenda. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikiruhusu Kiswahili kufundishia ngazi zote, lakini hadi leo masomo mengi ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2022 dunia huadhimisha siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai, nasi tunapiga ngoma. Wasemao kwamba lugha hii haiwezi elimu ya juu, ningewaomba wafike Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kwa miongo mingi isimu ya Kiswahili imefundishwa kwa Kiswahili hadi ngazi ya tasnifu, na TUKI ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Fonimu, mofimu, kirai na kishazi zilikuwa ngeni siku moja. Leo mwanafunzi wa sekondari anazitaja bila kufikiri.

Nimestaafu, lakini vijana wanaosomea uzamili huja bado kuniomba ushauri wa mada. Huja na maneno makubwa waliyoyatoa vitabuni, na siwavunji moyo, maana vitabu hivyo vilinifaa nami. Nawaambia wasome kwa bidii, wajue Kiingereza barabara, wajue takwimu. Kisha namwomba kila mmoja aweke karatasi zake chini na anitajie mtu mmoja, kwa jina, ambaye shida yake ya lugha ndiyo anayotaka kuichunguza: mwanafunzi, mgonjwa, shahidi kizimbani, yeyote. Wengine hurudi nyumbani kwanza kumtafuta. Akishanitajia, ndipo tunaanza kazi.